Tarumbeta la Kibirizi

Harufu ya Kibirizi jioni ilikuwa ya dagaa waliokaukia juani, mafuta ya taa, na mawese yanayochemka kwenye sufuria za akina mama. Wakati huo wanaume walikuwa wakipampu karabai zao wakijiandaa kuingia ziwani, na akina mama, migongo imeinama, wakianua dagaa kutoka mchangani kabla ya umande. Upande wa pili wa ziwa milima ya Kongo ilikuwa ikibadilika rangi, kwanza samawati, kisha ya zambarau, halafu nyeusi. Jua likigusa tu vilele vya milima ile, tarumbeta lililia. Haukuwa wimbo wa ngoma wala wa harusi. Ilikuwa sauti moja ndefu, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, ikakatika kama mtu aliyeitwa katikati ya maneno. Wavuvi walivua kofia. Akina mama walinyoosha migongo wakasimama na fagio zao mkononi. Hata sisi watoto tuliacha kukimbizana. Sauti ikiisha, muda si mrefu adhana ya magharibi ilisikika, na pwani ikarudi kwenye shughuli zake.

Mpigaji wake tulimwita Afande Damiani. Alikuwa Muha wa Kidahwe, fundi wa mitumbwi, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyochanganya Kiswahili na Kiha kiasi kwamba akitania ilibidi usubiri kidogo ndipo ucheke. Alikuwa amepigana vita vya Kagera, na katika kikosi chake ndiye aliyekuwa mpiga tarumbeta. Vita vilipokwisha hakurudi kwao Kidahwe kulima. Alikuja kukaa Kibirizi, akapanga chumba karibu na ziwa, na kila jioni akawapigia wenzake waliouawa asubuhi moja kwenye kinamasi, ng'ambo ya Mto Kagera. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemlipa. Mvua ikinyesha alipiga akiwa amesimama chini ya bati la mama ntilie, maji yakimtiririka shingoni.

Mimi nililelewa na bibi yangu, Bibi Zuhura, mzaa baba, kwenye nyumba ya matofali mabichi iliyotazama ziwa. Bibi alikuwa mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Alipenda watu, nyumba yake haikukosa mgeni wa kula ugali wa muhogo na samaki wa migebuka. Lakini jua likikaribia milima, aliingia ndani akafunga dirisha. Alilifunga kwa komeo, kisha akaketi kitandani ameipa pwani mgongo, hadi tarumbeta liishe. Kwa akili yangu ya kitoto nilidhani kelele zilimuumiza kichwa. Siku moja nilimuuliza mama yangu, alipokuja kututembelea kutoka Mwandiga, kwa nini Bibi hapendi tarumbeta. Akanivuta kando. "Baba yako mdogo Saidi alikwenda vitani," akasema. "Usimuulize Bibi."

Hayo ndiyo niliyojua kwa muda mrefu. Katika nyumba yetu Baba mdogo Saidi hakuwa amekufa. Alikuwa "hajarudi." Shati lake jeupe lilifuliwa na kupigwa pasi kila Idi, likarudishwa sandukuni. Mtu akitoa neno "marehemu" mbele ya Bibi, Bibi alinyanyuka akaenda kuangalia moto, hata kama hakukuwa na moto. Baadaye sana niliambiwa kwamba Afande Damiani, aliyekuwa kikosi kimoja na Saidi, aliporudi kutoka vitani alikuja kwanza kwetu, kabla hata ya kwenda kumsalimu mama yake mzazi. Alisimama mlangoni na sare yake. Bibi alimtazama, akauliza, "Kama wewe umerudi, yeye yuko wapi?" Kabla hajajibu, mlango ulikuwa umeshafungwa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Afande hakubisha hodi mara ya pili. Alikwenda akasimama ufukweni akapiga tarumbeta.

Kisha, msimu mmoja wa kiangazi, dagaa walipokuwa wengi hadi mchanga ukawa kama umemwagiwa fedha, tarumbeta halikulia. Jua lilizama, akina mama wakanyoosha migongo kwa mazoea, wakatazamana, wakainama tena. Tulisikia kwamba Afande alikuwa akikunja ubao wa mtumbwi, ubao ukafyatuka ukampiga mdomoni. Kesho yake pia kimya. Na siku iliyofuata. Nilitarajia Bibi afurahi. Badala yake nilimwona akiingia ndani kama kawaida, akafunga dirisha, akaketi, akasikiliza. Akanyanyuka. Akafungua dirisha nusu, kisha lote, akaegemea pale akiitazama pwani kama mtu aliyeahidiwa mgeni. Usiku ule hakula. Jioni iliyofuata alipika uji wa ulezi, mlaini, akautia sukari na maziwa, akajitanda kanga yake ya kutokea, akanipa bakuli nilishike.

"Tunakwenda wapi, Bibi?"

"Kumwona mgonjwa."

Afande alikuwa ameketi kizingitini, amejifunika mdomo kwa kitambaa. Alipomwona Bibi alitaka kusimama, akajikwaa kwenye kigoda. "Shikamoo, Mama," akasema, na maneno yalitoka yakiwa na upepo.

"Marahaba, mwanangu." Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo, wala Afande hakuwahi kuitwa hivyo naye, kwa jinsi alivyoinamisha macho. Bibi aliketi mkekani bila kukaribishwa. "Mbona tarumbeta limenyamaza?"

Afande aliondoa kitambaa. Midomo ilikuwa imevimba, na meno mawili ya mbele hayakuwepo. "Pumzi ipo, Mama. Meno ndiyo hayapo. Nikipuliza, upepo unakwenda kando tu. Halitalia tena."

Bibi alimpa bakuli. Alimngoja hadi akanywa, polepole, akikunja uso kwa maumivu. Ndipo akasema, akiitazama mikono yake mwenyewe, "Nieleze Saidi alivyokufa."

Nakumbuka kuku mmoja alikuwa akichakura pale mlangoni, na hakuna aliyemfukuza. Afande alisema kwamba walikuwa wakivuka kinamasi alfajiri. Buti lake lilinasa kwenye tope, akashindwa kulitoa. Saidi, aliyekuwa ameshapita, alirudi kumvuta. "Alikuwa ananicheka, Mama. Alisema, 'Muha gani wewe, unashindwa na tope?' Akanivuta, buti likatoka. Ndipo maadui wakaanza kupiga risasi. Yeye alikuwa amesimama, mimi nilikuwa nimeanguka."

"Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka, Mama. Haki ya Mungu."

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa. Kilio cha Baba mdogo Saidi kilikuwa kimemngoja mfiwa miaka yote ile, na kilipoanza, kwenye kizingiti cha yule fundi, majirani walikuja mbio wakidhani Afande amekata roho. Walipoelewa, hakuna aliyeshangaa kwa sauti. Mikeka ilitandikwa kwetu jioni ileile. Watu walitoka Ujiji, wakatoka Mwanga, na ndugu zake Afande wakaja kutoka Kidahwe na mzigo wa ndizi kichwani, ingawa wao ni Wakristo na msiba ulikuwa wa kale. Ijumaa, Saidi akaswaliwa kama maiti aliyeko mbali. Bibi alilitoa lile shati jeupe akampa Afande. Lilimbana mabegani. Alilivaa hivyohivyo.

Matanga yalipoanuliwa, Bibi aliniambia tuteremke ziwani. Jua lilikuwa linagusa milima. Alisimama pale pale alipozoea kusimama Afande, na Afande akaja akasimama kando yake, tarumbeta kwapani, mdomo umefumbwa. Hapakuwa na sauti. Mama mmoja aliyekuwa akianua dagaa aliwaona, akanyoosha mgongo. Wa pili akafuata. Wavuvi wakavua kofia. Kimya kilitanda ufuko mzima, ukasikia maji tu yakilamba mitumbwi, na mimi, niliyekuwa nimelipenda sana lile tarumbeta, nikajikuta sioni pengo lake. Kisha Bibi akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Mungu awalaze pema wote," akasema. "Haya jamani, tuanue dagaa, umande huo." Akainama, akaanza kusaidia kwenye mafungu ya watu wasiokuwa hata jamaa zake. Ikawa hivyo kila jioni, mpaka alipokufa.

Leo mimi ni fundi cherehani sokoni Mwanga, na nywele zangu zina mvi. Afande amelala kaburini kwao Kidahwe. Karabai zimekwisha, wavuvi wanatumia taa za betri, na dagaa wengi huanikwa juu ya vichanja. Mashujaa wetu wana siku yao kila mwaka, kuna gwaride na mashada ya maua, na mimi huitazama kwenye televisheni kwa heshima. Lakini mwaka ni mrefu. Bibi na Afande waliwakumbuka watu wao kila siku, mikono ikinuka dagaa, bila hotuba, na kesho yake wakawakumbuka tena. Sijaona nyakati hizi mtu wa kusimama hivyo.

Mwezi uliopita niliteremka Kibirizi, nikasimama peke yangu jua likizama. Binti mmoja alikuwa akigeuza dagaa kichanjani huku redio yake ikiimba kwa nguvu. Alinitazama kwa muda, akapunguza sauti.

"Umefiwa, mama?"

"Nimefiwa. Baba yangu mdogo. Zamani sana."

Aliizima redio kabisa, akafuta mikono kwenye kanga, akaja akasimama kando yangu mpaka milima ya Kongo ikawa nyeusi. "Pole, mama," akasema. Kisha akarudi kichanjani, akawasha redio yake, na muziki ukaendelea pale ulipofikia.