Gari Lililorefuka Siku za Soko

Gari la mjukuu wangu lilikuwa linarefuka.

Msicheke. Jumanne nililipanda nimejikunja kama mkeka. Ijumaa nikajikunja nusu. Wiki iliyofuata nikaingia kama mtu na heshima zake.

Nikajiuliza, ni mimi ninayekonda au kuna nini?

Kabla sijaendelea, tegueni hiki: nyumbani kwake wote wamekaa, yeye peke yake kasimama, na hakuna aliyemnyima kiti. Nani huyo? Jibu liko mbele.

Tunaishi kilimani juu ya mji wa Čačak, huku Serbia. Mimi, mzee wangu Vukoman, na mjukuu wetu Relja. Wazazi wake wako Austria wanahangaika na maisha. Relja anaoka mikate mjini, zamu ya usiku. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, asubuhi ananipeleka na jibini langu, kisha anarudi kulala mpaka mchana; mimi narudi na basi.

Ana gari kuukuu, Golf. Hiyo ndiyo mchumba wake.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha, ikamwingia kichwani kuishusha. Vijana wa kwetu, gari lisipokaribia kulamba lami, kwao si gari.

Basi hatulii. Anazunguka uani, anachuchumaa, anapima kwa vidole nafasi iliyo juu ya tairi, anainuka, anarudi tena. Mwishowe akanifuata jikoni nikichoma pilipili za kusindika, na binamu yake Mladen nyuma yake.

"Bibi, amua wewe," Mladen akasema. "Huyu anataka shokapu za bei rahisi, zile zenye uzi. Mimi namwambia nunua springi fupi za maana, funga, sahau."

"Zenye uzi ndiyo zipi?"

Relja akachukua mtungi wa pilipili, akazungusha kifuniko. "Springi inakalia pete, kama hiki kifuniko. Ukizungusha huku gari linashuka, ukizungusha huku linapanda. Lakini springi tupu, ukishafunga umefunga. Kimo ni hichohicho."

"Na hizo za rahisi zitamvunja bibi kiuno," Mladen akadakia. "Kwa barabara hii? Jibini litafika sokoni limekuwa uji."

"Wivu tu. Gari lako limesimama kama kuku aliyenyeshewa."

Nikawaambia kitu kimoja. Kinachoweza kurudishwa nyuma hakinitishi. Chukua zenye uzi.

Akachukua. Akalishusha mpaka paka wetu akakosa pa kulala.

Jumapili ya kwanza akampeleka babu yake kanisani. Mimi nilitangulia kwa miguu na mashoga zangu, nikawa nimeshaingia ndani. Niliporudi, Vukoman alikuwa amenuna.

"Silipandi tena. Mimi si kachumbari ya kuwekwa kwenye sahani."

Relja aliumia. Nilimwona anavyolifuta lile gari bila kulitazama.

Na si hilo tu. Vukoman naye akawa hatulii. Kahawa anywe kasimama. Supu nayo kasimama dirishani.

"Mzee, kaa basi, unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa hapo upepo wa mlango unanipiga shingoni."

Mwezi wa kumi akaniambia neno lililoniondolea usingizi. "Slava ya mwaka huu, mkate aupeleke huyu mtoto, Relja."

Slava ni siku ya mtakatifu wa ukoo. Wetu ni Dimitri, Novemba. Mkate ule hupelekwa kanisani na mwenye nyumba. Tangu baba yake Vukoman afe, hakuna mkono mwingine uliowahi kuubeba. Kwetu mwanamume akiukabidhi angali hai, watu huanza kumtazama kama abiria aliyekwishafunga mizigo.

Nilitaka aubebe yeye. Nilitaka hilo kuliko kitu chochote.

Katikati ya mahangaiko hayo ndipo gari likaanza kurefuka. Na kila mara, siku za soko.

"Vitu rahisi hivyo, bibi," Relja akasema, akipiga miayo. "Vinajipandia."

Jirani yetu Stamena akasema limepigwa jicho la husuda, nifunge uzi mwekundu. Nikafunga kwenye kioo. Gari likaendelea kurefuka na uzi wake.

Ijumaa moja mvua ikatutawanya sokoni, nikarudi na basi la mapema.

Uani, gari limeinuliwa kwa jeki. Pembeni, juu ya kreti yenye mto, amekaa Vukoman. Mkono mmoja umeingia nyuma ya tairi, na spana.

"Mzee."

Hakugeuka. "Umerudi mapema."

"Wewe ndiye unayelirefusha gari la mtoto?"

Akafuta spana kwenye suruali, mvua inamtiririka kofiani.

"Ile Jumapili nilishindwa kutoka. Magoti yalikataa. Mtoto akanivuta kwapani kama gunia, na akina Stamena wanatazama."

"Kumbe ndiyo maana hukai?"

"Kukaa naweza. Vita ni kuinuka."

"Ungemwambia apandishe."

"Nimwambieje? Gari lako zuri, kibovu ni babu yako?"

Nikamuuliza hapo kwenye kreti atainukaje. Akanionyesha kamba iliyofungwa kwenye nguzo ya mzabibu. Aliikuta hapo, akasema. Na ile jeki kubwa ya magurudumu, nikamuuliza, imetoka wapi?

"Mtoto aliisahau. Siku hizi anasahau sana. Hata grisi kaisahau. Na pete zenyewe zinazunguka laini, kama kifuniko cha mtungi wako."

Nikaingia ndani mbio. Chumbani kwa Relja, kitanda hakijaguswa. Amekaa nyuma ya pazia, viatu miguuni, macho mekundu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Nilimsikia anaitukana jeki yetu mbovu. Nikaazima ile kubwa kwa Mladen."

"Si ungepandisha mwenyewe yaishe?"

"Nikipandisha mimi, nimemhurumia. Akipandisha yeye, kanishinda." Akarudi kuchungulia. "Niko hapa tu, bibi. Jeki isije ikateleza."

Kila siku ya soko, mtoto aliyetoka kuoka usiku kucha, halali.

Siku ya Slava ikafika. Mladen akalizunguka gari akashika kiuno. "Hii Golf au trekta?"

"Ulinikataza zenye uzi," Relja akamjibu. "Ona sasa, zina akili zao."

Vukoman akakohoa. Akaingia mbele, mkate mapajani. Mbele ya kanisa nilimshika Relja mkono asisogee. Mguu mmoja ukatoka, wa pili ukatoka, mzee akasimama na mkate wake mikononi. Stamena akamwamkia, akapita.

Mchana nyumba ilijaa. Wageni wamekaa, Vukoman kasimama anawamiminia, maana siku ya Slava mwenye nyumba haketi. Hilo ndilo jibu la kitendawili changu. Hakuna aliyeuliza habari za magoti.

Wageni walipotoka, akanivuta pembeni.

"Mwambie huyo mume wako mdogo," ndivyo anavyomtania mjukuu, "siku za soko alale. Hilo pazia linatikisika mno."

Kumbe naye alijua; nikaendelea kukusanya sahani.

Vijana mnaoniuliza springi au zenye uzi, mimi si fundi. Ninachosema ni hiki: kabla hujafunga chochote, jiulize nani atalipanda hilo gari pamoja nawe, na kama kesho utaweza kumpandishia kidogo bila kumwaibisha.

Golf bado iko juu. Paka kapata pa kulala.