Spika Siyo Ngoma

Kwenye daftari la chama chetu cha ngoma hapa Igoma imeandikwa kwamba fundi Shigela "alishindwa kihalali mbele ya wanachama wote." Nilisomewa mara mbili. Mara ya tatu nikasoma mwenyewe, kidole juu ya karatasi. Mimi kusoma nilijifunza ngumbaru nikiwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo nasoma polepole, lakini neno nikishalishika halinitoroki. Hilo neno "kihalali" ni uongo. Katibu ana daftari lake, na mimi nimenunua langu.

Shigela si ndugu yangu. Niseme mapema, maana huku kwetu mwanamke akimtetea mwanaume watu wanaanza kukohoa. Nilimjua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Yeye alikuwa kijana aliyevuka ziwa kutoka Sengerema, viatu amevining'iniza shingoni visichakae, na mimi nafagia pamba iliyomwagika. Miaka kumi na moja alisimama pembeni ya mashine iliyokuwa ikinguruma upande wake wa kushoto. Mashine ilipokufa, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Wakampa barua ya kumshukuru.

Akabaki na sikio moja, akalitumia kuliko sisi wenye mawili. Alianza na redio, akaja kwenye spika. Siyo yale madude ya harusini. Zile ndogo za mbao, za kuweka kwenye rafu, zinazoshuka na mizigo ya mitumba kutoka Ulaya pamoja na pasi na baiskeli. Mtu anaiona mbao inang'aa, anafurahi, akifika nyumbani spika inakoroma kama mzee mwenye mafua. Anasema nimeuziwa mbovu. Siyo mbovu. Sponji la kuzunguka ile karatasi ya katikati limeoza, ukiligusa linabaki kidoleni kama ukoko wa ugali. Shigela analibandua lote, anasafisha, anakata jipya kwa wembe. Kabla hajapaka gundi anachukua picha ya eksrei ya zamani, anakata vijiti vyembamba, anavichomeka kuzunguka ule waya uliojiviringisha ndani ili ukae katikati kabisa usikwaruze. Kifua cha nani hicho kwenye picha, hatujui. Gundi ikikauka anavitoa. Halafu anagusisha betri ya tochi kwenye nyaya, karatasi inaruka mbele. Anagusisha na ya pili. Kama moja inaruka mbele na nyingine inarudi nyuma, anageuza nyaya, maana alisema zikipingana kila moja inakula besi ya mwenzake.

Na namna yake ya kulinganisha spika niiandike vizuri, kwa sababu ndiyo ugomvi wenyewe. Anaweka wimbo mmoja, spika moja, anasikiliza. Anazima. Anaweka wimbo uleule, spika ya pili. Kwanza anazisawazisha sauti, hii isiizidi ile. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo.

"Mama Winnie," akasema, "yenye kelele zaidi sikio litaipenda tu. Ni kama muuza dagaa. Anayepiga kelele siyo mwenye dagaa wasio na mchanga."

Kazi hiyo aliifanyia kwenye baraza ya nyumba ya chama, miaka ishirini na sita. Yeye mwenyewe alikuwa mchezaji wa chama, na baraza alipewa na mwenyekiti aliyetangulia, marehemu mzee Lushinge, mtunzi wetu. Meza yake ilikuwa chini ya dirisha, na kila anayekwenda gulioni alimpita.

Sasa mwenyekiti ni mtoto wa mzee Lushinge, anaitwa Machibya. Machibya ana mpwa, Revocatus, kijana wa mjini anayeuza maspika mapya. Lispika lenyewe la plastiki, lina magurudumu kama sanduku la msafiri, lina taa nyekundu na bluu zinazokimbizana. Revocatus akaitaka ile baraza. Hakuna dhambi kuitaka. Angeomba, tungemjibu. Lakini Machibya akasimama kwenye mkutano, watu wamejaa, akasema:

"Fundi, hapa sisi ni watu wa ngoma. Mpwa wangu anasema spika yake inazishinda zako. Wewe unasemaje? Jumapili tuwakutanishe uwanjani. Atakayeshinda akae barazani."

Msukuma yeyote anajua mtego huo. Ukiitwa uwanjani mbele za watu na ukasema ngoja nifikiri, umeshashindwa, utaimbiwa mpaka wajukuu wako. Shigela hakufikiri hata kidogo. Mzee wa miaka sitini na tisa, damu ya uchezaji ikampanda, akasema, "Jumapili nipo."

Nilimfuata mpaka nje. "Umekubali nini wewe?"

"Nimekubali kulinganishwa."

"Kulinganishwa vipi? Umeuliza?"

Hakuwa ameuliza.

Jumapili mchana ndiyo nikaona walichopanga, na mpaka leo nikikumbuka shingo inaniwaka. Walifanya kama ngoma. Unajua sisi ngoma tunashindanaje: kundi la Bagika wanacheza upande huu, kundi la Bagalu upande ule, wakati mmoja, na watu wako katikati. Wakivutwa kulia, wa kulia ameshinda. Kura ni miguu. Hiyo ni desturi ya mababu na mimi naipenda, nimevuka uwanja mara nyingi. Lakini hiyo ni ya ngoma. Spika mbili ukizipigia pamoja kwenye uwanja mmoja, unalinganisha nini hapo? Ni kama kuonja michuzi miwili kwa kuimimina kwenye bakuli moja.

Nikaenda kwa Machibya. "Mwenyekiti, mojamoja. Hii ipige, inyamaze, ile ipige. Na mfanye ndani, hizi ni spika za chumbani."

"Mama, shikamoo," akasema, akicheka na wenzake. "Tangu lini ngoma ikasubiri ngoma nyingine imalize?"

"Spika siyo ngoma."

"Basi fundi wako angesema hivyo kwenye mkutano. Au hakusikia? Nilisimama upande wake mbovu?"

Watu wakacheka. Walimcheka mtu kwa sikio lililokufa kwenye pamba yao, pamba iliyowasomesha watoto wao. Nilitazama nani anacheka na bado nawakumbuka.

Shigela alikuja na spika zake mbili za kahawia, kaziweka juu ya vigoda, kama mtu anayekaribisha wageni. Akaweka kaseti ya wigashe, zile nyimbo zetu za kuimba tumekaa, sauti ya mzee Lushinge mwenyewe. Hatua arobaini kutoka hapo Revocatus akafungulia lake. Sijui ulikuwa wimbo gani. Ardhi ilitetemeka, kuku wa jirani wakaingia ndani, taa zikakimbizana mchana kweupe. Mzee Lushinge akamezwa kama jiwe kwenye maji.

Na miguu ikaanza. Kwanza vijana, hao siwadai kitu. Halafu wanawake wenzangu tunaoimba pamoja, mmoja anamshika mwenzake mkono kama anakwenda kuona tu. Halafu Winnie, mwanangu wa kumzaa, ambaye redio yake inaongea kwa sababu ya Shigela. Aliniona namtazama, akavuka hivyohivyo.

Tulibaki watano na mbuzi aliyefungwa.

Shigela alizima kaseti, akaitoa, akaipuliza vumbi, akasema, "Tumeshindwa." Nikamwambia dai marudio, dai mojamoja, mimi nitasimama na wewe. Akatikisa kichwa.

"Mama Winnie, mimi niliwahi kushinda kwa miguu hiyohiyo. Sikusema ni ya uongo siku ile."

"Ile ilikuwa ngoma."

"Na leo nilikubali iwe ngoma. Mdomo ni wangu."

Hapo na yeye alinikasirisha. Mwanaume anaweza kuheshimu desturi mpaka desturi imtoe nje na meza yake. Jumatatu walimwonyesha mahali pengine, nyuma, karibu na choo, wakasema ni kwa heshima ya utumishi wake. Nikawaambia hiyo heshima waikalie wao. Nikaita mkokoteni, nikapakia meza, makopo ya gundi, spika zote, mpaka ile mifuko ya sponji, nikapeleka kwenye baraza yangu mimi. Shigela alitembea nyuma ya mkokoteni kama anafuata jeneza. Nikamwambia anyooshe mgongo, watu wanaona.

Wiki ile niliichukua kaseti, nikaenda kwa Machibya. Sikumpigia kelele. Nilisema, "Baba yako yuko kwangu anaimba. Njoo umsikilize." Mtoto ataikataaje hiyo? Akaja jioni, kabla jua halijazama. Nikamkalisha chumbani kwangu, nikafunga mlango. Shigela akaweka spika za kahawia juu ya kabati, akaziinua zikalingana na masikio ya mtu aliyekaa, akafungulia kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayeongea na wewe.

Machibya mwanzoni alitikisa mguu, kama mwenye haraka. Ubeti wa pili mguu ukatulia. Kabla ya ubeti wa tatu akainua mkono.

"Rudisha hapo."

Shigela akarudisha.

"Anavuta pumzi," Machibya akasema. "Unasikia inavyokwama? Alikuwa na pumu. Mwaka ule ndiyo ilianza. Na huyo anayeitikia nyuma ni mama. Sikujua mama yumo."

"Kwenye la magurudumu umewahi kuwasikia?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Basi iandikwe. Shindano halikuwa la haki, na fundi arudi barazani."

Akajikuna shingo, mwanaume mzima na madaraka yake. "Mama, nimesikia kwa masikio yangu. Lakini watu walishaamua kwa miguu. Mwenyekiti nikipindua hilo, kesho kila aliyeshindwa ngoma atadai tuhesabu upya. Chama kitabaki?"

Nilimtazama mpaka akaangalia chini. Yaani ukweli anaujua, ameusikia mpaka pumzi ya baba yake, na bado anauacha nje ya mlango wangu kama viatu. Huyo ndiye aliyeamuru liandikwe neno "kihalali." Afadhali Revocatus, yeye hajasikia kitu na hajui.

Kwa hiyo ieleweke. Fundi Shigela Machenya, mtoto wa Sengerema, fundi wa spika kwa sikio moja, hakushindwa na spika ya mtu. Alishindwa na uwanja. Sasa anafanyia kazi kwangu, nyuma ya mti wa mwarobaini, wateja wanauliza njia na wanafika. Anayetaka kulinganisha spika anaingia ndani, anakaa, anasikiliza mojamoja. Akisema "fungulia zote mbili," namtoa mimi mwenyewe.

Machibya anakuja kila Jumatano. Anasema amepita tu. Anataka kaseti, anataka ubeti wa tatu. Mimi simfukuzi mtu kwa baba yake. Ila viti ndani kwangu viko vinne, vyenye mgongo, na nimemwambia siku atakayosimama mkutanoni akalifuta lile neno nitampa kimoja. Mpaka leo anakaa kwenye kigoda.