Kibanio cha Nguo kwenye Bomba la Petroli

Mtaa mzima ulimwita fundi wetu wa magari Bwana Subiri, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Ukimletea gari linalowaka vizuri asubuhi lakini likishapata moto halitaki kuwaka tena, hakugusa hata spana. Alilizungusha barabarani mpaka injini ikapata moto sawasawa, akalizima, akakaa.

"Subiri kwanza," angekwambia. "Gari likishazimwa, joto ndiyo kwanza linapanda."

Wenzake walikuwa wakibadilisha betri, plagi, sijui nini, gari likiwa limepoa kabisa. Kesho yake mteja amerudi, amefura. Haraka haraka haina baraka, lakini nani anasikia?

Kusubiri kwenyewe hakukupimwa kwa saa. Mkewe alileta chupa ya chai na vikombe viwili, wakakaa kwenye benchi la mbao nje ya gereji. Kikombe cha pili kikiisha, injini imeiva. Miaka thelathini na moja walikaa hivyo, wakisubiri magari mabovu ya watu, na sijaona ndoa iliyonona kama ile.

Mke naye alikuwa na gari lake, dogo, la kijani, kuukuu. Chini ya boneti alikuwa amebana bomba la petroli kwa kibanio cha nguo cha mbao. Mumewe alimcheka mbele ya wateja.

"Gari si shuka, mama watoto."

"Na wewe si injini," mke alijibu, "mbona unachemka?"

Mke alifariki mwaka jana. Wiki moja baada ya maziko, mzee aliosha injini ya lile gari kwa mikono yake, na kile kibanio akakirudisha kwenye kapu la vibanio. Tangu hapo gari likaanza vituko. Asubuhi linawaka mara moja. Likipata moto, linagoma. Juzi lilimgomea binti yao katikati ya barabara, na mwanawe mchanga yumo ndani.

"Baba," binti alisema, "Jumamosi saa kumi anakuja mtu wa vyuma chakavu. Likiwaka likiwa na moto, libaki. Lisipowaka, liende."

 Mzee alikubali, na usiku huo hakulala.

Jumamosi alianza alfajiri. Plagi, koili, nyaya, kabureta, vyote alivifungua, gari likiwa baridi. Fundi mzima, kosa lile lile alilowachekea wenzake! Ukweli ni kwamba hakuweza kukaa kwenye lile benchi peke yake.

Saa nane binti akatoka na chupa ya chai na vikombe viwili.

"Baba, umesubiri?"

Mzee akarudishia kabureta, akaweka spana chini.

"Lizungushe basi. Mimi nakungoja hapa."

Akaenda, akarudi, akalizima. Kikombe cha kwanza kikaisha. Kwenye cha pili mzee akasimulia habari ya shuka na injini, wakacheka, kisha akalia, na machozi hakuyafuta.

Alipoinuka kujaribu, stata ilizunguka lakini gari halikuwaka. Akafungua boneti. Bomba la petroli lilikuwa limelalia chuma cha injini, aliligusa, likamuunguza. Petroli ilikuwa inageuka mvuke humo ndani kabla haijafika kwenye kabureta. Kile kibanio ndicho kilichokuwa kimelivuta bomba pembeni miaka yote ile.

"Mama yako aliliona hili," akasema. "Mimi nikacheka."

Binti akaenda kwenye kapu, akaleta kibanio. Mzee akalipoza bomba kwa kitambaa chenye maji, akalibana, akalizungusha gari tena. Aliporudi na kulizima, alimkuta mtu wa vyuma chakavu ameshika kamba ya kuvutia.

"Subiri kwanza," mzee alimwambia. "Chai ipo."

Binti akampa mgeni kikombe chake. Mgeni alikunywa huku akitazama saa. Chai ilipokwisha, mzee akaingia ndani ya gari, akageuza ufunguo. Likawaka mara moja.

Mtu wa vyuma akakunja kamba yake, akashukuru kwa chai, akaondoka. Binti akaingia ndani kumwangalia mtoto. Mzee akabaki kwenye benchi, upande wake ule ule wa siku zote, gari likinguruma mbele yake.

"Haya, mama watoto," akasema. "Umeshinda."