Kijiko cha Mawese

Baada ya kukimbia Oicha, baba yangu aliacha kusema na watu. Mama aliuawa barabarani kabla hatujafika Beni, na tangu siku ile hata salamu baba aliijibu kwa kichwa tu. Tulipofika Butembo, shangazi yangu, dada yake, alitupa chumba kimoja nyumbani kwake Vulamba. Baba akawa anakaa barazani akishona viatu vya watu. Wateja walimwonyesha palipopasuka, anatikisa kichwa, basi. Nilikuwa na miaka kumi na minane na niliona huo ni ukatili. Mimi pia nilikuwa nimefiwa. Kwa nini aninyime sauti yake?

Kisha jirani mmoja wa kanisani akatupatia mtoto wa mbwa, akue alinde nyumba. Siku chache baadaye nikamsikia baba anazungumza barazani. Nilitoka mbio nikidhani amefika mgeni kutoka kwetu. Kumbe alikuwa anamweleza mbwa jinsi ngozi ya ng'ombe inavyolowekwa mpaka ilainike. Nilimwonea mbwa wivu, sifichi. Lakini kila siku nilikuwa nakaa nyuma ya mlango, nasikiliza.

Mbwa alikuwa anaota meno, hakuacha kitu bila kukitafuna. Ili asiharibu viatu vya watu, baba alimkatia ukanda wa ngozi wenye urefu wa kidole. Asubuhi moja akaumeza mzima. Akatapika povu la njano, akatapika tena, mbavu zikimpanda na kushuka. Baba alimfungua kinywa, hakuona kitu. Akavaa koti. Mtaa wa pili aliishi mzee aliyekuwa akitibu ng'ombe kabla ya vita.

“Usikule kitu,” baba alimwambia mbwa. “Ukae tu kimya. Niko naenda kuuliza munganga.”

Maneno yale alikuwa ananiambia mimi, nilijua. Ila hakunitazama.

Baba hakuwa amefika mbali, mbwa akajikunja, akatapika kwa nguvu mara moja, na ngozi ikatoka nzima, imevimba, imejaa ute. Akainusa, akataka kuila tena! Niliichukua kwa jani la mgomba nikaitupa chooni. Mbwa akalala kando ya ukuta, akatikisa mkia kidogo. Mambo yalikuwa yamekwisha pale. Ilitosha nikae tu, mikono mapajani, mpaka baba arudi.

Shangazi alitoka jikoni, akaangalia yale matapishi.

“Bamemutilia sumu,” alisema. “Bezi banaanzaka na imbwa, kiisha banaingia mu nyumba. Umunyweshe mawese, mbio!”

“Lakini ngozi imetoka, tantine.”

“Weye ulisomea bunganga?”

Miaka ile ya vita kila tumbo lililouma liliitwa sumu, na dawa ya sumu kwetu ilikuwa mafuta ya mawese. Lakini nisimsingizie shangazi. Nilitaka baba akirudi akute nimefanya kitu. Nilitaka aniambie asante, kwa mdomo wake. Nilipasha mawese moto, nikamwinua mbwa kichwa, nikambana taya, nikamimina kijiko kimoja pembeni mwa mdomo. Nikaongeza cha pili. Kwenye cha tatu alipaliwa, na mafuta mekundu yakamtoka puani. Tangu hapo pumzi yake ilikoroma kama chungu cha maharage motoni. Nilimfuta kwa kitenge changu mpaka pua ikawa safi.

Baba alirudi peke yake. Mzee hakuweza kutembea, lakini alikuwa amemwelekeza. Baba akachuchumaa, akamweleza mbwa yote.

“Munganga anasema, ngozi ikitoka, tumbo ipumuzike kwanza. Kiisha maji kidogo kidogo, na bouillie, uji mwepesi. Mutu asikutilie kitu mu kinywa na nguvu, itaenda mu mapafu.” Alimsikiliza anavyokoroma. “Ilitoka?”

Hilo pia alikuwa ananiuliza mimi. Ningesema ndiyo, angetaka kujua kwa nini basi mbwa anapumua vile. Niliogopa, nikanyamaza. Shangazi aliinamia sufuria yake.

Kesho yake mchana mbwa akafa. Baba alikuwa amekaa naye tangu jana yake akimsimulia habari za shamba letu la kakao, na za mama, mambo ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuyasikia. Nilichimba shimo nyuma ya jiko, yeye akamweka ndani. Kisha akaniangalia, machoni kabisa.

“Ile ngozi ilibakia mu tumbo,” alisema. “Ni mimi nilimupa. Ni mimi nilimuua.”

Hakuwa amenisemesha tangu Oicha. Nilikuwa nimeililia sauti ile miezi mingi, na sasa alikuwa amesimama mbele yangu, jembe mkononi, anangoja nimjibu.

“Ndiyo, papa,” nikamwambia, na nikamwacha afukie.