Mabaka ya Shangazi

Mabaka meupe yalianzia kwenye vidole, yakapanda hadi kwenye viwiko. Nina kibanda cha vipodozi mtaani Bwaise, kwa hiyo majirani walisema najichubua kwa krimu zangu mwenyewe. Niliwajibu kwamba mtu anayejichubua huanza na uso, si vidole, wakanyamaza.

Mama hakunyamaza. Kaka yangu alipopata mtoto wa kwanza, Mama alinikataza kumgusa, akihofia nitamwambukiza. Kwetu shangazi ndiye anayemnyoa mtoto nywele za kwanza, na shangazi wa yule mtoto ni mimi peke yangu. Niliumia, wala sifichi. Wifi yangu alinionea huruma, lakini nani angefungua mdomo mbele ya Mama? Yule ni mjane wa askari, sote alitulea kambini kwa amri.

Nikamwambia Mama twende pamoja kwa daktari wa ngozi, akasikie mwenyewe. Alikuja amevaa kitenge kipya, uso kama wa mtu anayekwenda kutoa ushahidi.

Daktari, dada mmoja mpole, alieleza kwamba mwilini mna walinzi wanaopigana na magonjwa, na zipo jeni, yaani maagizo tunayozaliwa nayo, zinazowaamuru watulie. Zangu zina kasoro, ndiyo maana walinzi wanaishambulia rangi ya ngozi yangu.

"Kumbe jeshi yake inapiga watu ya kwao," Mama alisema. "Hiyo mimi naelewa. Sasa akishika mutoto, mutoto atapata?"

"Hapana, mama. Kugusa hakuambukizi kabisa."

Nilishusha pumzi hadi nikajisikia mwepesi. Mama alikuwa bado hajamaliza.

"Hiyo jeni alitoa wapi?"

"Kwa wazazi. Kwako, au kwa baba yake, au kwenu wote wawili. Hata mjukuu anaweza kuwa nayo, na wengi walio nayo hawaugui."

Mama akaitazama mikono yake mwenyewe, pande zote mbili. Njiani huwa sikosi la kumchokoza, lakini siku hiyo nilimwacha.

Tulipofika kwa kaka, Mama alimwinua mtoto kitandani, akanipakatisha.

"Kama ni ya kwetu, ni ya kwetu," alisema, kisha akamgeukia wifi. "Leta wembe."

Nilimnyoa mtoto polepole, huku nikilia kwa furaha, mpaka akasinzia mapajani pangu. Wifi alipomtaka anyonye, nilimwambia naye asubiri kidogo, kama nilivyosubiri mimi.