Kwenda Mashuuru Kupima Nyama ya Mlima

Sababu ya safari hii ilikuwa jiwe. Jiwe jeupe, kubwa kama kichwa cha ndama, ambalo nililiweka kwenye kaunta ya bucha yangu hapa Kitengela ili kila mteja alione. Watu wa hapa wananijua mimi Sankale. Shule niliachia darasa la nne, lakini kutoka kutembeza mbuzi kwa miguu nikafika bucha, nikafika nyumba za kupangisha, na ile miaka simu za mkononi zilipoingia, soko letu lote mimi nilikuwa wa kwanza kuvaa moja kiunoni. Nionyeshe fahali akiwa hai, nitakuambia atatoa nyama kiasi gani kabla hujamfunga kamba.

Jiwe lilitoka kwa mlima wa familia yetu kule Mashuuru. Bwana mmoja wa Athi River aliliona, akasema ni la chokaa, viwanda vya saruji vinalitafuta, na yeye ako na mashine ya kusaga mawe anayoiuza. Tukapatana nimpe jibu Jumatatu. Ili kununua hiyo mashine ningeuza fahali wangu wote, na ndugu yangu Lekishon, anayeishi chini ya mlima, angehamisha ng'ombe wake wakatafute nyasi kwingine.

Sasa, binti yangu wa kwanza, Nashipai, alikuwa chuo kikuu anasoma shahada ya pili. Jiolojia ya uchumi. Maana yake ni kusomea mawe yenye biashara: kuyatafuta, kuyapima, na kujua kama mgodi utalipa au utakula pesa ya mwenyewe. Wanaomaliza wanachukuliwa na kampuni za migodi. Alikuwa amebakisha mtihani wa porini, na mwalimu wao alikuwa anatafuta mlima wa kupima.

"Mlima?" nikamwambia Nashipai. "Si niko nao?"

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Mtihani wa binti, mlima wa baba. Angesema nini kingine ila kuusifu?

Jumamosi asubuhi tulitoka Kitengela, mimi mbele na pikapu yangu, gari la chuo nyuma. Mwalimu alikuwa Daktari Nekesa, mama wa Bungoma mwenye buti za kiume na kofia iliyochoka. Wanafunzi walikuwa wachache, na baadhi yao walikuwa wameshafanya kazi migodini, wakarudi shule. Hiyo ilinishangaza. Mtu ako na mshahara, anauacha aende kukaa tena darasani!

Kajiado mjini tulisimama kunywa chai, karibu na reli inayopitisha magadi. Kijana mmoja mcheshi, Shikuku, alinionyesha fahali aliyefungwa nje ya hoteli.

"Mzee, Nashipai anatuambia wewe ni mizani inayotembea. Huyo atatoa kiasi gani?"

"Kwanza nimzunguke."

"Si unamwona hapo ulipo?"

"Kijana, muuzaji atakuonyesha upande ulionona kila siku. Ng'ombe unamzunguka, unamshika mgongo, unamshika mkia, ndio unasema."

Daktari Nekesa alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mmesikia? Mimi nimewafundisha muhula mzima, huyu amemaliza kwa dakika moja." Nilitoka hapo nikiwa mrefu kuliko nilivyoingia.

Kutoka Kajiado barabara ni vumbi na mawe, na simu yangu ya kiunoni ikawa pambo tu, hakuna mtandao. Mchana tulifika Mashuuru, tukaendelea hadi boma la Lekishon. Nashipai aliinamisha kichwa, baba yake mdogo akamgusa utosini, kama desturi yetu mtoto akimsalimia mkubwa. Shikuku akaona, naye akainamisha chake. Lekishon akamgusa, akaniuliza kwa Kimaa huyu amezaliwa lini kwetu.

Mlimani nilitaka kuwapeleka moja kwa moja pale penye weupe, panapong'aa mpaka macho yanauma.

"Tutafika, Baba," akasema Nashipai, "lakini tunaanzia mwisho wa mlima."

Walivuta kamba kukatisha mlima, upande hadi upande. Kila baada ya hatua fulani wanapiga nyundo, wanachukua kipande, wanakitia kwa mfuko na kuandika. Pawe pazuri, pawe pabaya, wanapiga. Jua linawaka, miiba inawachana, hakuna anayeruka hatua hata moja. Mimi nimeajiri watu wengi maishani. Kazi ya namna ile sijawahi kuiona.

"Mbona mnabeba na takataka?" nikauliza.

"Takataka pia ni ya mlima, Baba."

Kisha akatoa kichupa cha asidi. Alianza na jiwe la chokaa alilobeba kutoka Athi River. Tone moja, likachemka kama soda iliyotikiswa. Akadondoshea jiwe langu jeupe. Kimya. Akalikwaruza kwa kisu, akadondoshea ule unga. Hapo likatoa povu kidogo, polepole, kama uji kwenye moto hafifu. Akanitazama mara moja, akaendelea na kazi.

Jua likishuka, nilimkuta peke yake akipanga mifuko.

"Nkerai ai, mtoto wangu, kesho usiogope. Sema vizuri. Jumatatu mwenye mashine anangoja."

"Unataka niseme vizuri, Baba, ama niseme kweli?"

"Si ni kitu kimoja?"

Aliendelea kufunga mifuko.

Jumapili asubuhi, baada ya maombi mafupi, kila mwanafunzi alieleza sehemu yake. Uamuzi wa mlima mzima ulikuwa wa Nashipai. Alisimama mbele ya Daktari Nekesa, akafungua mdomo, mwalimu akamzuia.

"Usiniangalie mimi. Huko migodini hutamwambia mwalimu. Utamwambia mwenye mali, na mwenye mali ndiye yule ameshika fimbo."

Wakacheka wote, isipokuwa binti yangu. Aligeuka, akavua kofia.

"Mzee Sankale," akasema.

Hakuna mtoto wangu aliyewahi kuniita hivyo. Nikajikuta nimejibu, "Endelea, Dokta."

"Mlima wako ni mzuri, lakini si wa kuchinja. Hili jeupe ni dolomaiti. Liko na magnesiamu nyingi, kiwanda cha saruji kitalirudisha langoni. Maabara itapima, lakini dalili ziko wazi. Tena weupe wenyewe ni mwembamba, na umelala mshazari ukiingia chini. Ukiufuata, utaondoa mawe meusi ambayo hakuna mtu atanunua. Nyama kidogo, mifupa mingi."

"Na jiwe langu la kaunta?"

"Huo ni upande ulionona, Mzee. Jana ulisema ng'ombe anazungukwa."

Shikuku akacheka, kisha akajifunika mdomo. Mimi damu ilinipanda mpaka masikioni. Lakini nilimtazama yule msichana: kofia anaikunjakunja mkononi, sauti haitetemeki. Nimenunua ng'ombe tangu ujana wangu, kwa watu wa Rombo, kwa watu wa Ewuaso Kedong, na sijakutana na mtu wa kuniambia usoni, huyu usinunue.

"Na kama ningekuwa tajiri wa Ulaya, ungeniambia hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Ila kwa Kiingereza."

Lekishon, ambaye tangu habari ya mashine ianze hakuwa ametoa maoni yake, aliuliza moja tu. "Kwa hivyo ng'ombe wangu wabaki?"

"Wabaki, baba mdogo."

Alicheka mpaka akakohoa, akaagiza mbuzi ashikwe.

Jioni tulirudi Kitengela. Wenzangu wa soko walikuwa wananingoja hapo bucha. "Sankale! Tajiri wa saruji! Mlima unasemaje?"

"Mlima bado uko na ngozi yake," nikawaambia, "na atakayecheka aniletee mtoto wake mwenye shahada ya pili."

Jumatatu nilimpigia bwana wa Athi River, nikamwambia atafute mnunuzi mwingine. Majibu ya maabara yalipokuja yalisema yale yale ya Nashipai. Na ukame ulipotupiga baadaye, ng'ombe wa Lekishon na fahali wangu walipona kwa nyasi za mlima ule.

Kwa safari ile nilijifunza kwamba wanaosomea mawe hawasomi kutafuta utajiri tu. Wanasoma kuzunguka mlima wote, halafu kusema "hapana" mbele ya mtu wanayempenda. Hiyo haifundishwi darasa la nne. Mimi nililipa karo yake, na nasema wazi, sijawahi kununua kitu kizuri zaidi.

Siku aliyopata kazi kwenye mgodi wa dhahabu, Nashipai alikuja kuniaga hapo bucha, akainamisha kichwa nimguse. Nikakataa. Nikanyoosha mkono, vile wanunuzi wawili wanasalimiana mnadani. Akatazama wateja kwanza, kisha akaushika. Nyundo ilikuwa imefanya kazi yake: mkono wake ulikuwa mgumu kuliko wangu.