Mama mkwe amenikuta juu ya paa nina bukta

Leo mama mkwe amenikuta juu ya paa nikiwa nimevaa bukta tu.

Nilikuwa nafunga ile feni ya sola ya kutoa joto la darini. Kigae kimoja nimeshakitoa, tundu liko wazi, jasho linanitiririka. Mara nasikia chini salamu ya Kisukuma ya mchana, "Mwadila!"

Amefika kutoka Malampaka bila taarifa, na kuku wake mkononi.

Sisi Wasukuma mnatujua. Mkwe hamwonyeshi mama mkwe mapaja, achilia mbali kumkalia juu ya kichwa. Na yeye akachukua kigoda, akakaa kivulini, pale pale penye ngazi!

Nikalala kifudifudi kwenye vigae. Vigae vya saa nane mchana, jamani. Nimeiva upande mmoja kama chapati.

Mke wangu anacheka mpaka anashika ukuta.

Basi mama, bila kuinua macho, akamwambia, "Mwanangu, huyo fundi wenu mbona kanyamaza? Mwambie amalize kazi, mimi sina shida na mafundi."

Fundi! Nikafunga feni haraka haraka. Jua likaipiga, ikaanza kuzunguka.

Mama akainuka, akageukia ukutani ili nishuke. Nakanyaga chini tu, nikamsikia akimwambia mke wangu:

"Mumeo akirudi, mwambie fundi wake anajua kazi. Ila amnunulie suruali."

Suruali nimeshavaa. Sasa wakwe wenzangu, naingiaje sebuleni kumsalimia? Maana mimi na yeye leo bado hatujaonana.